Kazi ya Uhandisi wa Vyombo vya Angani, na Elimu Iipasayo

(Hotuba iliyosomwa mbele ya walimu na watu wa mitaa katika siku za Yubilei)



Tumepewa leo kusema nanyi habari ya kazi moja ambayo vijana wengi huiuliza, na wachache tu hupata jibu. Huuliza hivi: "Mtu afanye nini hata awe miongoni mwao waundao ndege, na vyombo vile vizungukavyo dunia huko juu?" Mara nyingi mkubwa aulizwaye hucheka, kisha humwambia mtoto, "Soma kwa bidii." Neno hili ni jema, bali halitoshi. Mtu aulizaye njia ya kwenda Tabora haambiwi "Tembea kwa bidii". Huonyeshwa njia panda, akaambiwa wapi ashike kuume na wapi ashike kushoto. Basi kusudi letu ni kuzionyesha njia panda hizo. Maana zipo, na mojawapo mtoto huipita akiwa na umri wa miaka 15 au 16, wala hajui ya kuwa ameipita.

Kwanza tuseme habari ya kazi yenyewe. Yafaa tuwatenge watu watatu ambao husemwa kana kwamba ni mmoja. Rubani ndiye aiendeshaye ndege. Fundi wa ndege ndiye aikaguaye, aondoaye kilichochakaa na kutia kipya, kisha akaandika jina lake kushuhudia ya kwamba ndege yafaa kuruka. Mhandisi ndiye akifikiriye chombo kabla hakijakuwapo: bawa liwe refu kadiri gani, bati liwe nene kadiri gani, injini iwe na nguvu gani, na kitu kimoja kikivunjika, ni kipi kitakachoshika mahali pake ili watu wasife. Wote watatu ni watu wa heshima, wala hapana mmoja awezaye kazi yake pasipo wenziwe. Lakini shule zao ni mbalimbali, na kijana asiyejua kuzitenga aweza kupoteza miaka yake.

Tena kazi ya mhandisi wa angani ina nyumba mbili. Nyumba ya kwanza ni ya vyombo viendavyo ndani ya hewa. Ndege irukayo hushindaniwa na nguvu nne: uzito huivuta chini, mabawa huiinua, injini huisukuma mbele, na hewa huipinga isiende. Mabaharia wa pwani hawataona jambo hili kuwa geni, maana nao siku zote hupatanisha upepo na tanga, na uzito wa shehena na maji yanayoipinga omo ya jahazi. Nyumba ya pili ni ya vyombo vipitavyo mpaka wa hewa. Huko bawa halina kazi, kwa kuwa hapana hewa ya kulibeba. Chombo hukaa juu kwa mwendo wake tu. Setelaiti izungukayo karibu na dunia huenda kadiri ya kilometa 28,000 kwa saa, na kuizunguka dunia yote kwa muda wa dakika 90 hivi. Kwa kweli inaanguka daima. Bali kwa ajili ya mwendo wake mkuu, kadiri iangukavyo ndivyo ardhi iliyo mviringo ijipindavyo chini yake, nayo haifiki chini.

Watu waliotangulia kuirusha ndege yenye injini, iliyoongozwa na mtu aliyepanda ndani yake, walikuwa ndugu wawili wa mji wa Dayton katika Marekani, Wilbur na Orville Wright, wana wa askofu Milton Wright. Hawakusoma chuo kikuu. Kazi yao ilikuwa kuunda na kutengeneza baiskeli. Wako watu wasikiao habari hii wakasema, "Basi, shule haina faida." Na tuangalie jinsi walivyofanya. Walisoma kila walichoweza kupata juu ya kuruka. Vyombo vyao vya kwanza visivyo na injini havikuinuka kama hesabu za vitabuni zilivyosema. Basi katika mwaka 1901 wakatengeneza sanduku refu la mbao, wakapitisha upepo ndani yake kwa mashine, wakajaribu humo mabawa madogo ya namna kadiri ya 200, wakaandika kipimo cha kila moja. Fundi wao, Charles Taylor, akawaundia injini. Ndipo tarehe 17 Desemba 1903, karibu na Kitty Hawk, Orville akaruka kwa muda wa sekunde 12, mwendo wa meta 37 hivi. Na siku ile ile Wilbur akaruka sekunde 59, mwendo wa meta 260 hivi.

Je, watu hawa waliidharau elimu? Sivyo. Walisoma, wakapima, wakaandika, na kipimo kilipopingana na kitabu wakapima tena hata wakajua. Hiyo ndiyo elimu yenyewe ya uhandisi. Bali tangu siku zile maarifa yamezidi mno, hata mtu mmoja hawezi kuyapata yote katika banda lake. Na hii ndiyo sababu ya vyuo.

Hapa yatupasa kusema pia uzito wa kazi hii, ili kijana asidhani ya kwamba twamwita kwenye mchezo. Tarehe 2 Mei 1952 ndege iitwayo Comet, iliyoundwa Uingereza, ilianza kuchukua abiria kutoka London mpaka Johannesburg, ikituama Entebbe katika Uganda. Ilikuwa ndege ya kwanza ya abiria duniani yenye injini za jeti. Nayo ilipanda juu sana, mahali ambapo hewa ni nyepesi, mtu hawezi kuishi kwa kuivuta. Kwa hiyo hewa ilishindiliwa ndani ya ndege ili watu wapate kupumua. Tarehe 10 Januari 1954 Comet moja ikapasuka angani karibu na kisiwa cha Elba, wakafa watu wote 35. Tarehe 8 Aprili mwaka ule ule nyingine ikaanguka baharini karibu na Naples, wakafa wote 21.

Ndege zote za namna ile zikazuiwa zisiruke. Wahandisi wa Farnborough wakaitia Comet nzima katika tangi kubwa la maji, wakashindilia maji ndani yake na kuyalegeza, mara kwa mara, usiku na mchana, kila mara ikihesabiwa kuwa ni safari moja. Walipokwisha kufikia jumla ya safari zaidi ya 3,000, pamoja na zile ambazo ndege ile ilikuwa imekwisha kuruka, ubavu wake ukapasuka kuanzia pembeni mwa dirisha. Ndipo ikajulikana yakini ya kwamba bati lilikuwa limechoka. Kila mtu ajua ya kuwa waya haukatiki upindwapo mara moja, bali upindwapo huku na huku mara nyingi hukatika. Na bati la ndege ile lilipatwa na jambo kama hilo, maana kila safari lilivimba kidogo na kunywea kidogo, na pembe za matundu yake zilichukua mzigo kuliko mahali pengine. Tangu siku zile wahandisi huhesabu uchovu wa madini kabla ya kuirusha ndege, na madirisha yake huviringwa pembe. Msafiri aketiye leo kando ya dirisha, akiangalia theluji ya Kilimanjaro chini yake, hulindwa na elimu iliyopatikana kwa mauti ya watu wale.

Kwa hiyo, walimu, msione ya kwamba mtoto aandikaye 0.5 mahali pa 0.05 ameikosa alama moja tu. Wala msinyamaze mwonapo mwanafunzi amenakili jibu la mwenziwe, au ameandika katika daftari la maabara kipimo asichokipima. Hesabu ya mhandisi hupandwa na watu, nao hawana njia ya kuikagua. Ukweli katika kipimo kidogo hufundishwa darasani mwenu, wala hakuna chuo kikuu kitakachoweza kumtia mtu ukweli huo akiwa amekwisha kuzoea uongo.

Pengine mtu atasema, "Hayo ni mambo ya Ulaya na Marekani, sisi yatuhusu nini?" Twamjibu ya kuwa yamekwisha kutufikia zamani. Katika bahari karibu na Malindi, katika Kenya, mhandisi Mwitalia Luigi Broglio na wenziwe walisimamisha majukwaa juu ya nguzo za chuma, na kati ya mwaka 1967 na mwaka 1988 roketi zilirushwa kutoka huko, zikapeleka setelaiti angani. Mahali pale palichaguliwa kwa sababu pako karibu na ikweta. Dunia izungukapo, mtu aliye kwenye ikweta huchukuliwa kuelekea mashariki kadiri ya kilometa 1,670 kwa saa. Basi roketi irushwayo kuelekea mashariki kutoka hapo hupata msaada huo bure, na mbele yake ni bahari tupu. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya ukumbusho wa uhuru wa Kenya, ilirushwa kutoka huko setelaiti ya kwanza iliyoundwa ili kuchungua miale ya eksirei itokayo katika nyota. Msimamizi wa kazi ile alikuwa mwanamke wa Kimarekani, mhandisi Marjorie Townsend. Naye akaiita setelaiti ile kwa jina la Kiswahili, Uhuru. Jina hilo lingali vitabuni mwa wataalamu wa nyota duniani pote.

Na katika siku hizi za karibu watu wetu wenyewe wameingia kazini. Vijana 3 wa Uganda walipelekwa Japani, wakajifunza na kuunda setelaiti ndogo iitwayo PearlAfricaSat-1, sanduku lenye sentimeta 10 hivi kila upande, nayo ilirushwa mwaka 2022. Tarehe 15 Aprili 2023 Kenya nayo ilirusha Taifa-1 kutoka California, setelaiti ya kuitazama nchi, mashamba na misitu yake. Wahandisi Wakenya waliifanya wakisaidiana na watu wa Bulgaria. Vyombo hivi ni vidogo, wala hatuvitaji ili kujisifu. Twavitaja ili kijana aulizapo, "Je, amepata kutokea mmoja wetu?" mwalimu awe na jibu la kweli.

Sasa tuitazame njia yenyewe. Huanzia katika shule ya msingi, katika mambo yaonekanayo kuwa madogo: sehemu, desimali, uwiano, kupima kwa rula, kuchora pembe. Mtoto asiyeshika sehemu hataishika aljebra. Asiyeshika aljebra hataielewa Fizikia. Elimu hii ni kama ukuta wa matofali: safu ya kumi haiwezi kukaa mahali pa safu ya pili iliyorukwa.

Njia panda ya kwanza iko katika shule ya sekondari. Katika Tanzania Hesabu husomwa na wote hata kidato cha nne, bali Fizikia katika shule nyingi huweza kuachwa baada ya kidato cha pili. Hapo ndipo watoto wengi huiacha. Mmoja kwa kuwa rafiki yake ameiacha, mwingine kwa kuwa shule haina mwalimu wake, mwingine kwa kuwa ameambiwa ya kwamba ni ngumu. Hapana amwambiaye siku ile ya kwamba mlango wa uhandisi umefungwa nyuma yake. Njia panda ya pili ni kidato cha tano, ambapo yampasa kuushika mchepuo wa Fizikia, Kemia na Hesabu. Naye asikiache Kiingereza, kwa kuwa vitabu vingi vya kazi hii vimeandikwa kwa lugha hiyo.

Kisha huja chuo kikuu. Katika Kenya, Chuo Kikuu cha Kenyatta na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Kenya hufundisha uhandisi wa vyombo vya angani, na masomo huchukua miaka 5. Mtanzania aweza pia kuanza kwa uhandisi wa mitambo au wa umeme katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa miaka 4, kisha akaendelea na elimu ya angani katika nchi nyingine. Wahandisi wengi wa vyombo hivi waliingia kwa mlango huo. Katika masomo hayo hujifunza mwendo wa hewa, nguvu za madini, joto na injini, umeme na uongozi wa chombo, na kuandika programu za kompyuta. Tena akiisha kupata shahada hawi mhandisi kamili siku ile. Hufanya kazi kwanza chini ya wakubwa, wakiitazama mikono yake.

Na yule apendaye kushika spana kuliko kalamu asidharauliwe. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Dar es Salaam, hufundisha matengenezo ya ndege, na huko Nairobi, Embakasi, kiko chuo cha mambo ya ndege cha Afrika Mashariki. Tumekwisha kusema ya kwamba akina Wright wasingaliruka pasipo Charles Taylor.

Sasa twasema neno hasa na wazazi wa wasichana. Katika mji wa Hampton, Marekani, alizaliwa mwaka 1921 mwanamke mweusi aitwaye Mary Jackson. Alisoma hesabu na sayansi, akamaliza chuo mwaka 1942, akawa mwalimu wa hesabu. Mwaka 1951 akaingia katika kituo cha uchunguzi wa ndege cha Langley, kazi yake ikawa kupiga hesabu za wahandisi. Kisha akawekwa kufanya kazi kwenye chombo cha kujaribia mabawa katika upepo, ndugu wa lile sanduku la akina Wright, bali upepo wake ulipita mwendo wa sauti. Mhandisi mmoja aliyemwona akili yake akamshauri asome ili awe mhandisi. Lakini masomo yale yalifundishwa usiku katika shule ya weupe peke yao, na sheria za nchi ile siku zile ziliwatenga watu kwa rangi. Ilimpasa kuuomba mji ruhusa ya kuingia tu darasani. Akaomba, akapewa, akasoma, na mwaka 1958 akawa mhandisi, mwanamke mweusi wa kwanza kupewa kazi hiyo katika NASA. Alifariki mwaka 2005, na leo nyumba kuu ya NASA katika mji wa Washington inaitwa kwa jina lake.

Angalieni, ndugu, mambo mawili. La kwanza, mhandisi huyu alikuwa kwanza mwalimu wa shule, kama ninyi. La pili, aliyefungiwa mlango kwa sheria aliweza kuuona mlango ule, akabisha. Bali msichana aambiwaye nyumbani kila siku ya kwamba Fizikia ni ya wavulana, huyo hauoni mlango wowote, wala hana pa kubisha. Ni vigumu zaidi kumfungua huyo, kwa kuwa kufuli lake limetiwa ndani ya moyo wake na watu wampendao.

Tena hatutaki kuwadanganya. Kazi hizi katika nchi zetu bado ni chache, na masomo yake yana gharama. Mzazi aulizaye, "Mwanangu akisoma hayo yote, atakula wapi?" huuliza neno la haki, wala hastahili kujibiwa kwa maneno matamu. Jibu letu ni hili: maarifa haya hayawi ya ndege peke yake. Ajuaye mwendo wa hewa aweza kuunda kinu cha upepo na kikaushio cha mahindi. Ajuaye nguvu za madini aweza kazi ya madaraja na paa za shule. Ajuaye kuzisoma picha za setelaiti aweza kuwaonyesha wakulima mahali ukame uanziapo. Kwa hiyo akiukosa mlango mmoja, mingine mingi i wazi. Bali aliyeiacha Fizikia kidato cha pili ameikosa yote kwa pamoja.

Basi twamaliza kwa kuwapa kila watu neno lao. Walimu wa shule za msingi, msiache sehemu na desimali mpaka kila mtoto amezishika, hata ikiwa mwaka wakimbia. Walimu wa sekondari, kabla ya mwanafunzi kuiacha Fizikia, mwiteni, mweleweni sababu yake, na kumwambia waziwazi ni kazi zipi anazoziaga. Wazazi, mpeni binti saa moja ya daftari jioni kama mmpavyo kaka yake; maji ya kisimani na yatekwe kwa zamu. Wazee wa mitaa, mkitaka kumsaidia mtoto mmoja maskini, mtafuteni angali kidato cha pili, msimngoje mpaka awe na cheti mkononi, maana wengi hupotea kabla ya kufika huko.

Nanyi vijana, ndege ikipita juu ya shule yenu msikome katika kuishangaa. Jiulizeni ina uzito gani, na ni nini kiubebacho uzito huo. Kisha rudini darasani, mkafungue kitabu cha Hesabu katika ukurasa ule uliowashinda jana. Hapo ndipo kazi hii inapoanzia.